Albamu Iliyoitwa Sare za Kwaya

Mtaani tulimwita Mama Paspoti, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Studio yake ilikuwa chumba kimoja cha mbele, katikati ya fundi viatu na ofisi ya kuchapa barua. Ndani mlikuwa na kiti kisicho na mgongo, ukuta mmoja mweupe na mwingine wa samawati, taa mbili zenye miamvuli, kompyuta, printa, na ubao wa kukatia picha wenye kisu kirefu cha kushusha kwa mkono. Kwa miaka ishirini na miwili aliwaambia watu maneno yale yale: inua kidevu, fumba mdomo, usicheke, serikali haipendi meno. Alikuwa mjane, mnene, mwepesi wa ulimi, na hakuwa na tabia ya kuingilia ndoa za watu. Alisema yake mwenyewe ilikuwa imemtosha.

Fundi cherehani aliingia Jumamosi moja saa nne asubuhi, amejitanda mtandio hadi kidevuni ingawa jua lilikuwa linachoma. Mama Paspoti alimfahamu kwa mbali. Ndiye aliyeshona sare za shule karibu zote za mtaa ule. Akamkalisha, akamwambia ainue kidevu. Fundi alijaribu, shingo ikakataa. Kisha akaomba mlango ufungwe.

Mlango ulipofungwa alivua mtandio, akafungua vifungo vya blauzi, akageuka. Mgongo wote ulikuwa na mistari, mingine imevimba na kupasuka, mingine ya zamani imegeuka rangi ya kijani. Kwenye bega palikuwa na alama tatu ndogo zilizopangana, alama za meno ya plagi. Alikuwa amechapwa kwa waya wa pasi.

"Nipige picha, mama," alisema akiwa ameuelekea ukuta. "Yakipona huwa ananiambia nilikuza mambo. Na mimi huanza kumwamini."

Mama Paspoti aliwasha taa zote mbili. Alichukua rula aliyoitumia kupimia picha, akaiweka kando ya kila jeraha ili urefu wake uonekane, akapiga picha sita. Alipomaliza alikwenda nyuma ya pazia akaosha uso.

Mume wa fundi alikuwa dereva wa lori, na watu walimwita Mpole. Hawakumtania. Ndiye aliyesimamisha lori katikati ya barabara wazee wavuke, ndiye aliyewabebea majirani mitungi ya gesi ngazini. Nyumbani alipiga bila kupaza sauti, na kabla ya kuanza aliwasha redio. Kila jioni alimwomba mkewe simu, kwa adabu, "hebu nione kidogo," akaipekua yote. Kwa hiyo picha zisingeweza kukaa kwenye simu ya fundi.

Mama Paspoti alikuwa na mahali pa kuziweka. Binti yake, aliyefanya kazi duka la dawa, alikuwa amemfungulia ukurasa wa albamu mtandaoni kwa ajili ya wateja wa harusi: kila mteja albamu yake, kila albamu na linki yake. Basi akafungua nyingine, akaiita Sare za Kwaya ili mtu akichungulia kioo cha kompyuta asivutiwe. Chini ya jina paliandikwa: yeyote mwenye linki anaweza kuona. Maneno hayo alikuwa ameyaona mara mia. Kwa harusi ndicho kilichotakiwa hasa, mashangazi wote wafaidi. Hakuyafikiria tena.

Fundi alirudi mara nne katika miezi minane. Mara ya pili ilikuwa mbavu, ya tatu shingo yenye alama za vidole, ya nne kifundo cha mkono na mdomo uliopasuka. Mara ya tano hakuweza kuketi kabisa, akapigwa picha akiwa amesimama na kujishikiza ukutani. Albamu ikafika picha thelathini na moja, kila moja na tarehe yake pembeni.

Siku ile ya tano fundi alisema angependa mtu mmoja wa upande wa mume azione. Alimtaja wifi yake, mwalimu wa shule ya watoto wadogo, ambaye walipendana tangu siku ya posa. Labda yeye angeongea na kaka yake. Mama Paspoti aliichukua namba ya wifi, akamtumia linki palepale kwa simu yake mwenyewe, na mstari mmoja wa maneno kwa niaba ya fundi: wifi yangu, tazama ukiwa peke yako.

Wifi alitazama peke yake, akalia, na kwa uchungu ule ule akawatumia linki shangazi wawili ili waitishe kikao. Shangazi mmoja akaona kwamba jambo la ukoo ni la ukoo, akaiweka kwenye kundi la simu la familia. Kundi lilikuwa na watu arobaini na watatu. Mpole alikuwa mmoja wao.

Ilikuwa Jumapili, saa sita mchana. Aliingia ndani, akavua viatu, akawasha redio. Akaisimamisha simu yake juu ya meza ya kupigia pasi, akaiegemeza kwenye kikapu cha nyuzi ili ionekane vizuri. Kisha akafungua picha ya kwanza.

"Hii ni ya lini?"

Fundi alimjibu. Mpole akasoma tarehe, akaona ni kweli, akampiga palepale picha ilipoonyesha. Akafungua ya pili, akauliza tena. Aliendelea hivyo, taratibu, picha na pigo, picha na pigo, kama mtu anayekagua mzigo kabla ya kupakia. Kwenye picha ya tisa fundi alianguka na hakuweza kuinuka. Mpole alimwinua kwa nywele akamwegemeza kwenye mguu wa meza ili aendelee kutazama. Picha ya kumi na sita ilikuwa ile ya kifundo cha mkono. Alichukua pasi, akaulaza mkono wa kulia wa mkewe sakafuni, akazikanyaga ncha za vidole ili usisogee, akaishusha pasi mara mbili. Mfupa ulisikika licha ya redio.

Alikuwa kwenye ya kumi na tisa simu ilipoita. Alikuwa msimamizi wake wa kazi. Akapokea kwa heshima zote, akasema samahani bosi, niko njiani. Akavaa viatu, akatoka, akamsalimu jirani ngazini.

Jirani yule ndiye aliyemkuta fundi dakika kumi baadaye, kwa sababu redio ilikuwa juu mno na alikwenda kuomba ipunguzwe.

Mama Paspoti alifika hospitali Jumatatu. Fundi alikuwa kitanda cha mwisho kando ya dirisha, mkono umefungwa plasta hadi kiwikoni, jicho moja limezibika kabisa. Alimweleza yote kwa sauti ya chini, bila machozi, na mwisho akasema:

"Zilikuwa thelathini na moja, mama. Bado kumi na mbili."

Mama Paspoti alishika chuma cha kitanda. Aliniambia baadaye kwamba mpaka dakika ile alikuwa hajajua linki ilipita wapi. Alidhani mume aliipata kwa kupekua. Sasa akaelewa kwamba ilitoka mkononi mwake. Alikuwa amefunga mlango wa studio kwa ufunguo kila mara, ameteremsha na pazia, halafu albamu yenyewe akaiacha wazi.

Jioni ile alikaa na binti yake mbele ya kompyuta. Albamu ilikuwa imefunguliwa mara mia mbili na kumi na mbili. Binti alizima linki, akazuia watu kupakua, akamwonyesha mama yake mahali ambapo tangu mwanzo wangeweza kuchagua watu wa kuona, mmoja mmoja kwa anwani yake. Ilikuwa mibofyo mitatu tu. Mama Paspoti aliuliza kama sasa zimerudi. Binti akamwambia ukweli: mlango umefungwa, lakini aliyekwisha kuchukua amechukua. Wifi alikuwa na tatu kwenye simu yake. Wengine hawakujulikana. Wiki ile ile mwanamke mmoja aliyekuja kumjulia hali fundi, mtu asiyemfahamu vizuri, alimwambia pole kwa mgongo, na fundi akajifunika shuka hadi kidevuni.

Siku iliyofuata Mama Paspoti alirudi wodini na simu mpya ndogo. Wakafungua anwani mpya kwa jina la fundi, neno la siri akaliandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, polepole, herufi kwa herufi, na albamu ikahamishiwa kwake iwe mali yake. Kisha Mama Paspoti akamuuliza majina.

"Mama yako mzazi?"

"Hapana. Kila akinitazama usoni atakuwa anaona mgongo."

"Wifi?"

Fundi alitazama dirishani. "Hapana."

"Yule askari wa kike anayeandika kesi?"

"Huyo aone. Kesi ikiisha nitamtoa. Na wewe, mama, wewe baki."

"Mimi nitoe, mwanangu," alisema Mama Paspoti. "Atakuja studio, mumeo huyo. Akija nataka nisiwe na kitu cha kumpa."

Fundi alimtazama kwa lile jicho moja, kisha akabofya. Jioni, binti alifuta picha zote kwenye kompyuta ya studio na kwenye kadi ya kamera.

Mpole alikamatwa, akakaa ndani siku tisa, akatoka kwa dhamana. Siku ya kumi na mbili, saa nane na nusu mchana, alisimama mlangoni mwa studio ameshika kofia mkononi. Hapakuwa na mteja. Alimwamkia, "shikamoo mama," na Mama Paspoti, kwa mazoea ya miaka yote, akamwitikia marahaba. Kisha Mpole aliteremsha lango la bati mpaka chini, akatafuta redio kwa macho. Haikuwepo. Akaiwasha printa, ile kubwa yenye kelele, ijisafishe wino.

Alisema hataki ugomvi. Alitaka albamu ifutwe, yeye aone ikifutwa, basi aondoke zake. Mama Paspoti alimwambia hana uwezo. Akamfungulia ukurasa aone mwenyewe, na kioo kikaandika kwamba mtumiaji huyu hana ruhusa ya kuona albamu hii. Mpole alisoma mara mbili, akatabasamu kama mtu aliyechezewa karata, akampiga ngumi ya sikio iliyomtupa juu ya kiti na kiti juu ya taa.

"Mama, wewe ndiye uliyezipiga. Utakosaje ruhusa?"

"Zina mwenyewe," alisema akiwa sakafuni.

Alimpiga teke la ubavu, akamwinua kwa kola, akamwuliza tena. Akamtaka ampigie fundi simu, ajifanye ameulizwa na mahakama, aombe afunguliwe. Mama Paspoti alikataa. Alinieleza kwamba haukuwa ushujaa. Alijua akipiga tu, fundi atamfungulia bila kuuliza, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yule mtu. Mpole akauvuta mkono wake wa kushoto mpaka kwenye ubao wa kukatia picha, akavilaza vidole chini ya kisu.

"Sitaki kufanya hivi, mama," alisema, akakishusha.

Kisu kile kilikuwa kimenolewa wiki iliyopita. Ncha ya kidole cha kati na ya cha pete zilibaki upande wa pili wa ubao, kando ya picha nne za mwanafunzi zilizokuwa zinasubiri mwenyewe. Kwa muda mfupi hapakuwa na maumivu, palikuwa na damu tu, ikimwagika juu ya ule uso wa mtoto aliyefumba mdomo. Mpole alikiinua kisu tena na kuusogeza mkono mbele kidogo.

Stendi ya kamera ilikuwa upande wake wa kulia. Ilikuwa ya chuma, ya zamani, kutoka enzi kamera zilipokuwa nzito. Mama Paspoti aliukamata mguu wake mmoja, akaizungusha bila kulenga, ikampata Mpole juu ya sikio. Akayumba, akamwachia. Pigo la pili lilimvunja taya. Alisikia meno yakigongana. Mpole akaanguka kwa magoti, kisha kifudifudi, mkono mmoja ukitafuta ukuta. Hapo Mama Paspoti angeweza kuinua lango na kupiga kelele. Hakufanya hivyo. Alimpiga mgongoni, akampiga begani, akampiga ule mkono uliokuwa unatafuta ukuta, akampiga mbavuni mara mbili, na kila pigo alikuwa anahesabu kwa sauti, si moja, mbili, tatu, bali ishirini, ishirini na moja, ishirini na mbili.

Fundi viatu ndiye aliyeliinua lango. Mzee yule alikuwa amesikia printa ikilia kwa muda mrefu kupita kawaida, halafu akasikia kitu kingine. Alimkumbatia Mama Paspoti kwa nyuma, akamwambia basi, dada, basi, mpaka stendi ikaanguka. Akamfunga vidole kwa kitambaa cha kung'arishia viatu, akazitafuta ncha zake ubaoni, akazitia kwenye mfuko. Hospitali walisema haziwezi kushikika tena.

Taya ya Mpole ilikuwa imevunjika sehemu mbili, na alikula kwa mrija wiki saba. Mama Paspoti naye alifunguliwa jalada. Askari alimuuliza kwa nini daktari amehesabu mapigo saba kama mtu alianguka kwa pigo la pili. Akajibu kwamba hakuhesabu. Fundi viatu alipohojiwa alisema lango lilipoinuka aliona pigo moja tu. Kwa kweli aliona matatu. Jalada likafungwa kwa kuwa alikuwa anajitetea, na vidole vyake vilikuwa ushahidi tosha.

Kesi ya Mpole ilichukua mwaka mzima. Wakili wake alitaka picha zionyeshwe ukutani, mbele ya watu wote, apate kudai kwamba majeraha yalipakwa rangi. Fundi alisimama akasema hapana. Atakayelazimika kwa sheria kuziona atampa ruhusa, wengine wote watoke. Hakimu alifikiri, akakubali ziangaliwe ofisini kwake. Mkono wa kulia wa fundi ulikuwa umeunga vibaya, kwa hiyo alishika simu mapajani na kubofya kwa wa kushoto: hakimu, karani, mwendesha mashtaka, wakili. Mshtakiwa naye alikuwa na haki ya kuziona. Aliletwa kati ya askari wawili. Alitazama tatu za kwanza, akasema inatosha, akageukia mlango. Hakimu akamwambia haitoshi, azione zote. Fundi hakuondoa macho usoni mwake mpaka ya thelathini na moja. Walipotoka, kabla hajafika kwenye ngazi, alikuwa amekwisha kuwafungia wote.

Mpole alipata miaka tisa kwa mkono wa mkewe na mitano kwa vidole vya Mama Paspoti. Fundi alihama, akakodi chumba mbali na ukoo ule, akajifunza kukata kitambaa kwa mkono wa kushoto. Anashona taratibu zaidi, na mishono si kama zamani. Wifi alimwandikia barua mbili za kuomba radhi. Ya kwanza aliisoma. Ya pili ipo, haijafunguliwa.

Mama Paspoti bado yuko pale pale. Siku hizi polisi humletea wanawake, mara nyingine na watoto, na kabla ya kugusa kamera huwaketisha akawauliza nani aone. Wengi hutaja watu watano haraka haraka, halafu wanaanza kuwafuta, mmoja mmoja, mpaka wanabaki na mmoja au na jina lao tu. Yeye huwasubiri. Hamharakishi mtu.

Jumapili moja alikuwa anafua na binti yake uani. Binti alimwona amesimama kwa muda, shuka limening'inia mikononi linadondosha maji, akamuuliza kama vidole vinamsumbua. Mama Paspoti akasema hapana, vidole vimepona. Kinachomsumbua ni kwamba yule mtu alikuwa ameshalala chini, hana tena nguvu hata ya kuinua kichwa, na yeye aliona hivyo, akaendelea.

"Nilisikia raha," alisema. "Sijawahi kusikia raha kama ile maishani mwangu."

 Binti alishika ncha ya pili ya shuka, wakalikamua pamoja.